Kadi ya Ray Hrubec

Mnada wa Dunkel hauna huruma na mtu anayependa kuchagua. Pale kitu kinauzwa kwa fungu: boksi la viatu lililojaa kadi za wachezaji wa besiboli, zile zenye picha mbele na maelezo mgongoni, limefungwa kamba, unalitazama kwa nje kama mbuzi ndani ya gunia, unainua mkono, na tangu hapo ni lako pamoja na uchafu wake wote. Ndani utakuta mamia ya watu ambao hata mama zao wamewasahau. Wafanyabiashara wa mji wa Corliss wanaziita kadi hizo makapi. Wanapepeta, wanatoa punje moja mbili za majina makubwa, na yanayobaki wanayarudisha mnadani Jumamosi inayofuata ili mjinga mwingine ayanunue.

Mjinga huyo, majira yote ya baridi ya mwaka 1996, alikuwa Marlene Hrubec, dereva wa basi la shule, mwanamke mpana wa mabega na mchache wa maneno. Yeye aliyataka makapi yenyewe. Ndani ya makapi hayo alikuwa akitafuta kadi moja tu, ya baba yake.

Ray Hrubec aliwahi kucheza ligi kubwa. Si sana. Aliitwa Agosti mwaka 1951, akacheza wiki chache, akarudishwa alikotoka na hakuitwa tena. Lakini kampuni ya kadi ilikuwa imewapiga picha wachezaji wote kambini kabla ya msimu, na jina lake lilipotokea magazetini wakaitoa kadi yake katika toleo la mwisho la mwaka, wakati watoto wameshachoka kununua. Zilichapwa chache. Na kwa kuwa mwenyewe hakuwa mtu wa maana, hakuna muuzaji aliyejisumbua kumtaja kwenye matangazo. Kadi ya namna hiyo huipati kwa kuiulizia. Unaipata kwa kununua takataka za watu. Nakala alizopewa Ray mwenyewe na kampuni, Marlene hakuwahi kuziona. Mama yake, alipokuwa hai, alisema tu kwamba Ray alizigawa zote kabla hawajaoana, na kwamba si jambo la kumuuliza.

Sasa mzee alikuwa kwenye nyumba ya wazee, na akili yake ilikuwa ikiondoka chumba kwa chumba, kama mtu anayezima taa akienda kulala. Jina la marehemu mkewe lilitangulia, la Marlene likafuata. Lakini tangu Novemba alikuwa na ombi moja ambalo halikumtoka mdomoni.

"Niletee kadi yangu."

Wahudumu walimzoea. "Bingwa wetu leo amekataa uji," wangemwambia Marlene, wakitabasamu tabasamu lile la watu wasioamini kwamba aliwahi kucheza. Tabasamu hilo lilimchoma kuliko uji uliokataliwa. Daktari alikwisha kumwambia asitegemee kwamba theluji ikiyeyuka baba yake atakuwa bado anajua kijiko ni cha nini. Basi alitaka kitu kimoja: mzee ajione kijana, yumo ndani ya sare yake, kabla taa ya mwisho haijazimwa. Kwa hilo alikuwa tayari kununua makapi yote ya Ohio.

"Binti wa bingwa kafika," alisema Augie Tomczak Jumamosi moja ya Februari, Marlene alipoingia akikung'uta theluji viatuni. Augie alistaafu kiwanda cha chuma, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kukaa kwa Dunkel, kunywa kahawa ya bure na kukamilisha seti, kadi zote za mwaka mmoja bila kukosa hata moja. "Dada, utatumalizia makapi. Sisi tutauza nini?"

"Uza huo mdomo. Ni mkubwa, utapata bei."

Walicheka, hata Augie. Alikuwa na sababu ya kucheka kuliko wote, kwa sababu kadi ya Ray Hrubec alikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya seti yake nzima ya mwaka 1951, na Marlene alishamwomba, akamsihi, akamtukana. Jibu lilikuwa lile lile. Seti haivunjwi. Mtu wa seti afadhali umng'oe jino kuliko kumtolea kadi moja katikati na kumwachia pengo.

Siku ile Marlene alinunua fungu ambalo hakuna mwingine aliyelitaka, lililokuwa limelowa maji upande mmoja. Akalikata kamba juu ya meza, akaanza kupekua. Makapi, makapi, makapi. Katikati ya kadi mbili zilizogandana akaona pembe ya bluu. Akazibandua taratibu kwa ukucha. Ilikuwa ni kadi ya yule nyota wa New York ambaye hata mtoto aliyezaliwa jana analijua jina lake, kadi yake ya kwanza kabisa, safi, maji hayakuifikia.

Dunkel, dalali mwenyewe, akaacha kunadi. Watu wakasogea. Augie akaja na kikombe chake, akakisahau hewani.

"Unajua umeshika nini?"

"Najua kusoma, Augie."

"Mungu wangu. Miaka yote hii mimi naitafuta nzuri kama hiyo."

Marlene akamtazama. "Nipe baba yangu," akasema.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Dunkel akashuka jukwaani, akamshika Marlene kiwiko. "Usifanye hivyo, mama. Hiyo iuze, ununue gari."

"Gari ninalo."

"Lile si gari. Lile ni tusi lenye magurudumu."

"Augie," Marlene akasema, "kalete kadi."

Kanuni ya Augie ilidumu kama dakika moja. Akaenda nyumbani mbio, mzee mzima kwenye barafu, akarudi na kadi ndani ya mfuko wake wa plastiki, akaiweka mezani kifudifudi. Ndivyo watu wa seti wanavyozitunza. Mwanga unakula sura, na isitoshe mtu wa seti hamtafuti mchezaji, anatafuta namba ya kadi, na namba iko mgongoni. Marlene naye alikuwa amekaa nao muda wa kutosha kusoma kadi kwa mgongo. Akasoma: Raymond J. Hrubec. Mzaliwa wa Corliss, Ohio. Hupiga kwa mkono wa kulia. Siku ya kuzaliwa ilikuwa ndiyo yenyewe. Macho yakamlowa, akatoa mkono, Augie akaupokea. Kwa Dunkel mkono ukishapigwa, hata aje jaji, hakuna kurudishiana.

Ndipo akaigeuza.

Kijana mwembamba mwenye mwanya alikuwa akimchekea, gongo la kupigia begani, amelishika kwa mkono wa kushoto. Ray Hrubec hakuwa na mwanya. Alikuwa na masikio kama mikono ya kikombe, na pua iliyovunjika akiwa mtoto. Marlene akaitazama kadi karibu, akaitazama mbali. Augie akachungulia juu ya bega lake.

"Huyu si Ray," akasema. "Kampuni imekosea picha. Na mimi niko nayo miaka ishirini, sijawahi kuiangalia usoni." Akanyoosha mkono, akaichukua kadi ya yule nyota. "Mkono umepigwa, Marlene," akasema kwa sauti ndogo, akiitia nyota ile ndani ya koti.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma. Alikaa ndani ya gari lake bila kuwasha, akalia kwa hasira. Mtu ana kadi moja tu maishani, na hata hiyo wanambandikia uso wa mwingine! Angemwambiaje? Ilikuwa heri amdanganye kwamba haikupatikana.

Kesho yake, Jumapili, alimkuta mzee kwenye kiti dirishani, blanketi magotini.

"Umeleta?"

Uongo alikuwa nao tayari, lakini hakuutumia. Akaitoa kadi, akampa kifudifudi, kama alivyofanya Augie, akiomba jina pekee limtoshe. Vidole vya mzee vikapapasa plastiki. Halafu akaigeuza.

Uso wake ukafunguka. Marlene hakuwa ameuona hivyo tangu mama yake azikwe.

"Deke," mzee akasema. "Mjinga wewe. Bado unacheka."

"Deke ni nani, Baba?"

"Deke Sorrell. Tulilala chumba kimoja kambini." Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya kijana. "Tulimwambia mpiga picha yeye ni mimi, na mimi ni yeye. Tukabadilishana kofia. Anashika gongo kwa kushoto, na mpiga picha yule mpumbavu hakuona. Tulicheka tukashindwa kula."

"Na yenye sura yako?"

"Ingetoka kwa jina lake. Lakini yeye hakuitwa. Halafu Januari akafa." Akaipapasa kadi kwa kidole gumba. "Zangu zote nilimpelekea mama yake. Hakuwa na picha yake nyingine akiwa na sare. Nilimwachia mlangoni. Na hii mpelekee. Yuko Wheeling, nyumba ya kijani juu ya kilima."

Marlene akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimtia wivu wa ajabu. Majira yote ya baridi alikuwa amemtafuta baba yake kwenye maboksi, na baba yake hakuwa humo hata siku moja. Mzee alikuwa akimtafuta Deke. Mama yake Deke bila shaka alikuwa chini ya udongo tangu zamani, lakini mzee mwenye akili ya namna hiyo hubishani naye. Akasema sawa, akaitia kadi mkobani.

Jumatano, baada ya kuwashusha watoto wa mwisho, alipitia tena. Mzee alikuwa akimngoja, macho makavu, mikono imeshikana.

"Umempelekea?"

"Nimempelekea, Baba."

"Akasema nini?"

"Alishukuru sana."

Taya za mzee zilikuwa zikitafuna kitu kisichokuwepo. "Hakusema kitu kuhusu gari?"

Marlene hakuwahi kusikia habari ya gari lolote. Alijua tu kwamba utotoni mwake mama ndiye aliyeendesha siku zote, na baba alikaa kiti cha nyuma amefumba macho. Watoto waliambiwa tumbo lake halipatani na safari.

"Hakusema," akajibu polepole.

"Basi bado hawajamwambia." Mzee akamshika kifundo cha mkono, na nguvu ile ilimshangaza. "Rudi. Mwambie ni mimi niliyekuwa kwenye usukani. Deke alisema tulale hapo hapo, barabara imeganda. Mimi nikamwita mwoga. Mwambie hivyo hivyo, nilimwita mwoga. Kule mlangoni nilishindwa kugonga."

"Baba."

"Nenda, mama, nakuomba. Asije akafa hajajua."

Akatoka. Angefanya nini? Akasimama kwenye korido karibu na mashine ya soda, kadi mkononi, na Deke Sorrell akimchekea kwa mwanya wake. Yeye mwenyewe alikuwa ameendesha basi lililojaa watoto juu ya barafu, akawahi kuhisi usukani ukiwa mwepesi mikononi kama haujaunganishwa na kitu, na siku ile Mungu tu ndiye aliyemtofautisha na baba yake. Alitaka kurudi aseme hayo. Lakini mzee hakuwa akingoja maneno ya dereva. Alikuwa akingoja maneno ya mama mmoja wa Wheeling, na msamaha wa mama huyo haukuwa mali ya Marlene hata augawe. Alikaa na jambo hilo muda mrefu, muuguzi akapita mara mbili na sinia za chakula cha jioni. Mwisho akaona liwalo na liwe. Kama ni dhambi, ataibeba yeye, ana mabega. Akayapanga maneno moja moja, akayasema kwa midomo bila sauti mpaka yakatulia.

Akaingia, akapiga magoti mbele ya kiti, kadi bado mkononi.

"Nimemwambia yote," akasema. "Habari ya gari, na kwamba ulimwita mwoga. Amelia. Halafu amesema hana kinyongo na wewe. Amesema angefurahi kama ungegonga mlango."

Mzee alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyekukalia karibu stendi.

"Nani huyo?"

"Mama yake Deke."

"Ah." Akaitazama kadi mkononi mwa Marlene. "Na hicho ni nini?"

Akampa. Mzee akaisogeza dirishani penye mwanga uliobaki, akamtazama yule kijana, asitabasamu wala asihuzunike. Akaweka kidole chini ya jina na kulisoma herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Ray. Hrubec." Akafikiri, kwa bidii ya kweli, kwa sababu siku zote alikuwa mtu wa kupenda kusaidia. Kisha akatikisa kichwa na kumrudishia.

"Simjui, mama. Samahani. Labda ukaulize chumba kingine."