Kigae Kimoja Tu

…na sasa anauliza tena, mama, hebu kumbuka vizuri, hakuna mahali mlipotoboa sakafu hii, hata tundu dogo, na Torbjørg, aliyeketi juu ya kifuniko cha choo bafuni mwake mwenyewe saa tano ya asubuhi, mikono mapajani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari, anausikia mdomo wake ukijibu, hakuna, hatujatoboa, kwa sauti safi kabisa, na huo ni uongo wa pili, wa kwanza aliusema jana kwenye simu, na Jostein, Mungu ambariki, anasema haya na kurudi kwenye kipimio chake cha njano, amepiga magoti kwenye vigae vya baridi, mvi zimeanza kumwingia kwenye ndevu, Jostein kijana wa juzijuzi tu, aliyefundishwa umeme na marehemu Eilif, mume wa Torbjørg, kule kwenye kiwanda cha chuma, amekuja Jumamosi yake, amewaacha wanawe na ski zao za kutelezea theluji mlangoni, hakusema lolote ila natoka sasa hivi, na mtu wa namna hiyo ndiye anayemdanganya bila kupepesa macho, kwa sababu tundu lipo, liko palepale nyuma ya mlango, chini ya tenga la nguo chafu, tena nguo zenyewe si chafu, ni mataulo safi aliyoyatoa kabatini jana ili tenga liwe zito asije mtu akalisogeza kwa mguu, mwanamke wa miaka sitini na tisa, anaficha tundu la skrubu moja, tundu alilolijaza simenti nyeupe kwa kisu cha siagi wiki moja baada ya kumzika mumewe, akalisugua kwa kidole, akasimama kulitazama akaona halionekani, akalia… umeme unavuja, anasema Jostein, waya wa kupasha sakafu joto umeguswa mahali, lakini wapi sijui, kifaa kinanionyesha nusu ya bafu zima, na waya wenyewe una mita karibu hamsini humo chini, nisipopata pa kuanzia, mama, itabidi tuvunje sakafu yote tulaze waya mpya, na kutoka jikoni, katikati ya harufu ya kahawa, sauti ya Åshild inaingia kabla haijaitwa, ivunjeni tu, wifi, mimi nilimwambia kaka yangu mwaka uleule, ita watu wa kampuni, mambo ya maji na umeme si ya kujifanyia, lakini Eilif nani alimwambia kitu akasikia, na Torbjørg anajisemea ana moyo mzuri huyu, amekuja na lefse, mikate myembamba ya siagi na sukari, amekuja kila Jumamosi tangu msiba, nashukuru, nashukuru kweli, ila anyamaze kidogo.

Kuivunja yote… vigae hivi vya kijivu Eilif alivipanga kimoja kimoja, mwaka wa tisini na nane, wiki sita wanaoga kwa jirani, yeye anapita barabarani na ndoo na taulo kama mtalii, na Eilif akitoka zamu anapiga magoti humu hadi chakula kinapoa, hakumwambia inajengwa nini, alisema tu ngoja, maana alijua, mara moja tu Torbjørg alimsimulia, wakati wa uchumba, jinsi alivyokua kule bondeni kwenye nyumba ya mbao ambako asubuhi maji ya ndoo yaliganda na mama yake aliwavalisha kitandani wasikanyage sakafu, mara moja tu, na yeye akaliweka hilo kichwani miaka yote, hakuwa mtu wa kusema nakupenda, huyo, siku ya harusi yenyewe ilibidi mchungaji amuulize mara mbili kwa jinsi alivyojibu chinichini, lakini alipomaliza sakafu alimwita, akamwambia vua soksi, simama hapo katikati, na ilikuwa Januari, barafu imeshika dirisha, akasimama peku, na joto likampanda kwenye nyayo polepole mpaka magotini, naye Eilif kaegemea fremu ya mlango, anatazama miguu yake, si uso, miguu, akauliza, inafaa… Inafaa, akajibu, na miaka ishirini na saba kila asubuhi alipoingia humu aliambiwa lile neno ambalo mumewe hakulisema, hivyo ndivyo alivyolichukulia, na ndivyo lilivyokuwa.

Naye akalitoboa kwa drili. Alijua, hilo ndilo linalomchoma, si kwamba hakujua, Eilif alimwambia kila mgeni aliyeingia kuosha mikono, hapa chini kuna waya, msitundike, msipigilie, msitoboe, watoto walimwigiza mezani wakacheka mpaka wakapaliwa, lakini ilikuwa Machi na Eilif amerudishwa kutoka hospitali afie kwake kama alivyoomba, na hata hivyo hakukubali dirisha la chumbani lifungwe, hewa, alitaka hewa, mtu mwenyewe ngozi na mifupa analala dirisha wazi na theluji inaingia kwenye pazia, na upepo ule ukipita unaubamiza mlango wa bafu, puu, anashtuka, anafumbua macho, anatafuta alipo, na kuufunga haiwezekani kwa sababu lazima aukute wazi akiamka, akaweka kandambili ikaburutwa, akaweka kopo la rangi likapinduka, siku nne Eilif hajalala, siku ya tano Torbjørg akatoa drili ghalani akafunga sakafuni kizuizi cha mpira cha kushika mlango, skrubu moja, dakika mbili, kikaushika mlango, kimya, akasikia mumewe akipumua vizuri usingizini, akajisifu… na jioni taa za bafuni zikazimika… Eilif alipiga picha, sivyo, anasema Jostein, amenyanyua kichwa, asingemwaga simenti bila kupiga picha, alitukaripia sana kwa hilo, anayekuja nyuma yako haoni chini ya zege, piga picha, weka futi pembeni, iko wapi hiyo picha, mama, na Torbjørg anasema sijui, na safari hii ni kweli, ameshatafuta kwenye albamu zote, na Jostein anainuka, magoti yanalia, anasema kwa mzee picha ilikaa mahali pamoja tu, anatoka kwenda ukumbini, na unasikika ule mlango mdogo wa bati wa sanduku la fyuzi ukifunguka, halafu kimya… kimya kirefu… kama kile cha jioni ile, taa zilipozimika na Eilif akakataa kusaidiwa, kaa, akasema, mimi ndiye fundi wa nyumba hii, akaenda ukumbini anapapasa ukuta, akakaa huko, akakaa, Torbjørg akasikia mlango wa bati, akasikia droo ya vifaa, akasema moyoni anaanguka sasa, halafu taa zikawaka, akarudi na jasho usoni, amechoka kama mtu aliyepanda mlima, akasema, balbu tu, ilikuwa imelegea. Asubuhi yake Torbjørg akaingia bafuni akakanyaga baridi, akaelewa papo hapo, skrubu, mikono yangu hii, Mungu wangu, na Eilif akaja nyuma yake peku, akasimama palepale katikati, akasema, kuna joto zuri leo, na yeye akasema eeh, zuri, na siku kumi na tisa waliambiana hivyo kila asubuhi, kuna joto zuri, eeh, zuri, na hakuvaa soksi hata siku moja, na yeye alishukuru, haya, amlaani anayetaka, alishukuru kwamba dawa zimeiua miguu yake haisikii, kwamba atakufa bila kujua mkewe ameua sakafu yake.

Jostein amerudi. Ana picha mkononi, ameishika kwa ncha za vidole, naye ambaye asubuhi nzima amemtazama usoni sasa anatazama bomba, anatazama taulo, anaiweka picha ukingoni mwa sinki na kukandamizia futi juu yake, anasogeza tenga la mataulo pembeni bila kuuliza, taratibu, kama mtu anayejua kilichopo chini yake, anagonga kigae kwa kidole, anasema, nitaanzia hapa nyuma ya mlango, mama, nyaya za zamani huchoka kwenye kona, ni uzee tu, naleta tindo garini… na akipita jikoni anasikika akisema hivyohivyo, uzee wa waya, na Åshild, si nilisema, waya wa Eilif, kazi ya Eilif, huyo ukimwambia jambo… lakini Torbjørg hasikii tena, ameinuka, anaitazama picha, waya umelazwa huku na huku kwenda na kurudi kama mshono wa mtu mwenye subira, futi pembeni, namba zinasomeka, na pale juu kwenye kona, vidole vya miguu viwili vitatu ndani ya soksi nyekundu za sufu, ni vyake mwenyewe Torbjørg, alichungulia mlangoni akaambiwa usikanyage, na hakulikumbuka hilo kabisa mpaka sasa, na kwa nini Jostein aliishika picha hii kama inaunguza, anaigeuza, nyuma kuna maandishi ya penseli, ya juzi, si ya mwaka wa tisini na nane, herufi zimelala na kutetemeka lakini ni za Eilif, ile J yake yenye kofia, Jostein, au yeyote atakayekuja, waya umetobolewa, sentimita thelathini na nane kutoka kizingiti, ishirini na mbili kutoka ukuta wa kulia, nimepima, nimeuzima, vunja kigae kimoja tu, vya akiba viko ghalani nyuma ya ski, umwambie Torbjørg ni uzee wa waya, aliweka kile kizuizi ili nipate kulala, na nililala, tarehe kumi na mbili Machi… Tarehe kumi na mbili, jioni ya balbu, alijua tangu jioni ileile, alisimama mle ukumbini kwa miguu isiyombeba akapima waya, akalinganisha na picha mpaka akapata, akatafuta penseli, akaandika, akafunga, akaja akasema balbu, na kesho yake akaikanyaga ile baridi peku, miguu yake ilisikia, ilisikia yote, aliacha soksi kwa makusudi maana mtu mwenye sakafu ya moto havai soksi, siku kumi na tisa, kuna joto zuri leo, na mimi nikamjibu eeh, zuri, tukadanganyana kama watoto, kila mmoja akimlinda mwenziwe, asante, wewe mtu, asante, ungeniambia tu tukacheka, hapana, nisingecheka, ningekufa kwa aibu na ulilijua hilo pia, asante…

Jostein ameingia, ana nyundo na tindo, anaikuta picha imelala kifudifudi, anamtazama sasa, kidogo tu, halafu anapiga magoti palepale alipokuwa, anaweka tindo kwenye mshono wa kigae, na angeweza kunyamaza, zawadi imeshafungwa, ni kuipokea tu, ila kule jikoni Åshild bado anaendelea, kaka yangu alikuwa mtu mwema, wifi, lakini waya ule aliulaza vibaya, ukweli usemwe, na Torbjørg anaona hapo ndipo Eilif alipokosea hesabu, safari moja tu maishani, alidhani atamlinda mkewe kwa kujichafulia kazi, kazi hii, sakafu hii, haiwezekani, nakushukuru kwa yote lakini hili sipokei, na anavua kandambili, anavua soksi, moja, ya pili, anasimama peku katikati, baridi inamwingia nyayoni mpaka mfupani, na anasema kwa sauti ya kufika jikoni, waya ulilazwa vizuri, Åshild, haukuwa na kosa lolote, nilitoboa mimi, kwa drili, mwezi wa tatu, nikaficha… kijiko kinakoma kwenye kikombe, Jostein hainui kichwa, anasema polepole, mzee aliniomba nisikwambie, mama, najua alichoomba, Torbjørg anajibu, nimesoma, na kutoka jikoni Åshild, kwa sauti ndogo ambayo hajawahi kuisikia kwake, anasema, basi mimi nilimsema bure, kisha, kahawa nimeshamimina, itapoa… nakuja, wifi, anajibu Torbjørg, lakini haondoki, kigae bado kizima, waya bado umekufa, baridi ni ileile aliyoikanyaga Eilif, anaikanyaga na yeye mpaka vidole vinakufa ganzi, na Jostein anauliza, nianze, mama, naye anatazama chini miguu yake mwenyewe, anasema, subiri kidogo, kuna joto zuri leo.