Mkono wa Morfudd

"Mama, niinulie mkono," Bi Hartley, mtaalamu wa matamshi, alirudia kwa Kiingereza. Morfudd alikuwa kwenye kitanda cha hospitali, akitazama mvua dirishani.

"Mzee Idwal, kiharusi kimemwondolea ufahamu," Bi Hartley akamwambia mume kwa upole. "Akishindwa na jaribio la leo, harudi nyumbani. Atapelekwa makao ya wazee."

Idwal alikuwa mchimba mawe ya kuezekea nyumba, mkorofi wa kila mkutano wa chama cha wafanyakazi. Hakusahau kitu, hasa kile kibao cha aibu alichovishwa babu yake shingoni shuleni kwa kosa la kusema Kiwelisi, lugha yetu ya Wales. Lakini adabu ya kwetu ndiyo hiyo: mgeni mmoja akiingia, chumba kizima kinahamia Kiingereza, asije akajiona katengwa. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tunavyomalizwa. Basi wiki nzima simba wa mikutano alimsemesha mkewe kwa lugha ya mgeni, kwa heshima ya mgeni.

Sasa alipomwona Morfudd akigeuza uso, akashtuka. Kiingereza mkewe alikipata ukubwani. Kilichokuja mwisho ndicho kilichotangulia kuondoka.

"Niwie radhi, binti. Nitakukosea adabu." Akainama kitandani, akasema kwa Kiwelisi. "Morfudd wangu. Inua *braich*."

Hata neno hilo la mkono lilikuja na askari wa Kirumi. Wenyewe wakaondoka, ngome zao zikawa vifusi. Neno likabaki vinywani mwa wachunga kondoo, likatafunwa hata likawa letu. Tangu hapo wakubwa wangapi wamepita wakitutabiria kunyamaza?

Mkono wa kushoto wa Morfudd ukainuka polepole, ukamzunguka Idwal shingoni, ukamvuta. Akanong'ona kitu shavuni pake. Idwal akacheka, macho yamemlowa.

"Anasemaje?" aliuliza Bi Hartley.

"Anasema sijanyoa. Na anauliza nimekuwa Mwingereza tangu lini."

Bi Hartley aliziweka chini picha zake za kupimia wagonjwa.

"Mimi ndiye niliyekuwa sielewi," alisema. "Nitawaambia madaktari arudi nyumbani. Ila ngazi zenu atazipandaje? Lazima tumzoeze kutembea." Akavuta kiti karibu. "Nipe neno la mguu, mzee, nimwambie mwenyewe."

"*Coes*," alisema Idwal, shingo bado imeshikwa. "Nalo walituachia Warumi."

Bi Hartley akajaribu, ulimi ukimgoma. Morfudd akamtazama kwa huruma, akausogeza mguu.