Gamba la Kanali

Mimi ni fundi cherehani na naogopa kaa. Hili nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza kwa nini nilimtoa yule kwa mwiko huku nimefumba jicho moja. Ndivyo nilivyomtoa.

Kanali ni kaa wa mama mkwe wangu. Marehemu mumewe ndiye aliyemleta, mwaka wake wa mwisho, baada ya mkewe kumwambia kwamba siku hizi anatembea upande upande. Mzee akaenda zake, kaa akabaki sebuleni ndani ya tangi la kioo, na jiwe lake bapa la kujifichia. Gando lake la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia. Kila asubuhi mama humsalimia Kanali kabla ya mtu yeyote. Mimi hufuata baadaye, baada ya paka wa jirani.

Mama alipokwenda kufanyiwa operesheni ya tumbo, mke wangu alifuatana naye hospitali. Mlangoni mama aligeuka.

"Fundi, nakuachia Kanali. Akikataa kula, mwache. Usimguse."

Tangu nimwoe binti yake hajawahi kuniachia hata ufunguo wa kabati. Nikasema, "Usiwe na wasiwasi, mama." Wasiwasi wote akaniachia mimi.

Kweli Kanali akakataa kula. Nikimtupia kipande cha samaki, anakipa mgongo. Nami nikamwacha kama nilivyoagizwa, ila usingizi ulinipaa. Asubuhi ya siku ambayo mama alikuwa anarudi, nikamkuta Kanali amelala katikati ya tangi, miguu imelegea yote. Nikagonga kioo. Nikagonga tena. Wapi!

Hebu fikiria. Mama mwenye kidonda kibichi, daktari ameonya presha yake isichezewe, anaingia mlangoni na cha kwanza kutafuta ni Kanali. Mume ameshamzika, sasa nimpe na huu msiba? Niliogopa, sifichi. Niliogopa ataanguka palepale, na sikuona wa kumlaumu zaidi yangu.

Nikamtoa kwa mwiko, nikamviringisha kwenye kipande cha satini kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja, nikamsukuma chini ya meza ya cherehani. Kisha mbio hadi sokoni. Muuza samaki akanichagulia kaa wa ukubwa uleule, magando yamefungwa kamba.

"Huyu mkali. Unampika na nini?"

"Simpiki. Ni wa mama mkwe."

"Pole, ndugu yangu," akasema, akaongeza fundo.

Nyumbani nilimtumbukiza tangini, nikakata kamba kwa mkasi wangu mrefu. Magando yake yalikuwa sawasawa, la kulia na la kushoto. Nikajiambia mama atakuwa na usingizi wa dawa, hatatazama sana. Mtu akitaka kudanganya huanza na nafsi yake.

Yule mgeni hakuzunguka kukagua makao mapya. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe, akapenyeza gando chini yake, akapapasa, akarudi nyuma, akapenyeza tena. Kitu cheupe kikajivuta ndani. Nikapiga magoti kutazama. Chini ya jiwe kulikuwa na macho mawili.

Nikamtoa marehemu chini ya meza, nikafungua satini. Hakuwa na uzito wowote. Nikamgeuza. Nyuma, pale gamba la mgongo linapokutana na tumbo, mshono ulikuwa umeachia toka upande mmoja hadi wa pili, na ndani hamna kitu. Hata ncha za magando zilikuwa tupu. Miaka yote nashika nguo za watu, na sikutambua nguo isiyo na mwenyewe!

Kanali hakuwa amekufa. Alikuwa amejivua gamba, naye yuko chini ya jiwe, uchi, laini kama yai bichi, hawezi kubana hata uzi. Na mimi nimemletea jambazi ndani ya nyumba, nikamfungua na pingu kwa mkono wangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Huyu mwenyeji angeliwa mzimamzima.

Simu ikalia. Mke wangu.

"Tupo kwenye teksi, tunakaribia. Mama anauliza Kanali hajambo?"

"Hajambo."

"Mbona unahema?"

"Nafagia."

Nikachukua mwiko, nikajaribu kumkokota mgeni. Akazidi kujichimbia. Jiwe likatikisika, nikaacha, maana likimwangukia aliye chini litamfanya uji. Maji yakatibuka. Yalipotulia, mgeni alikuwa ameshika mguu mmoja mweupe, mguu peke yake, anaupeleka mdomoni.

Nikatia mkono. Ningewaza kwanza nisingeutia. Nilikipeleka kidole cha kati, kile ninachosukumia sindano, hadi mbele ya gando lake, nikasema, "Haya, kula hiki." Akauacha mguu, akanibana. Nikaona nyota mchana. Lakini gando lililoshika kidole changu halikuwa linamshika Kanali, basi nikamwacha anibane vizuri, nikamvuta polepole mpaka akatoka majini, ananing'inia.

Mlango ukafunguliwa.

Mama alikuwa ameshika tumbo kwa mkono mmoja na bega la binti yake kwa mwingine. Akatazama kidole, damu sakafuni, tangi, na gamba juu ya satini. Mke wangu akapiga ukelele.

"Acha kelele, lete ndoo ya maji," mama akamwambia. Kisha kwangu, "Mtie majini, atakuachia mwenyewe."

Nikamtia ndooni, akaniachia kweli.

"Ulidhani Kanali amekufa."

"Ndiyo, mama."

"Ukaenda kuniletea mwingine."

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia lini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama hakungoja jibu, akanyoosha mkono apewe gamba. Akavunja kipande, akakidondosha karibu na jiwe.

"Anakula lile la zamani ili lile jipya liwe gumu," akasema. "Kama ungelitupa, tungekosana."

Tukangoja. Kipande kikalala palepale. Mama alikataa kiti, amesimama na kidonda chake, macho hayabanduki kwenye jiwe. Nikaona kwamba nimemuua Kanali mara ya pili, na safari hii kwa kweli.

Kisha gando jeupe likajitokeza, la kushoto, limekua karibu kuwa sawa na mwenzake. Likapapasa. Likakishika kipande, likakivuta ndani.

Mama akashusha pumzi ndefu. "Mguu utaota tena, akijivua mara nyingine," akasema. "Msimguse mpaka awe mgumu."

Mke wangu akanifunga kidole, kisha akampeleka mama chumbani. Mama akasimama kwenye mlango, ameegemea.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Nakwenda kulala. Hizi dawa zao zinanilaza kama gogo. Ukinikuta sijitikisi, usikimbilie sokoni."

Mke wangu akacheka. Mimi sikuweza, maana mama mwenyewe hakuwa anacheka. Alikuwa amejikunja juu ya mkono wake tumboni, na uso wake haukuwa na ukali hata kidogo.

"Subiri kwanza," akasema.

"Nitasubiri, mama."

Nikavuta kiti, nikakiweka kati ya tangi na mlango wake, nikakaa nikisikiliza pumzi zake.