Chemchemi ya Birrandale

Mwaka 1973 Agripina, binti kutoka kijiji cha Kamachumu, alikuwa akisomea unesi Stockholm. Kwa mazoezi akapelekwa kwenye nyumba ya wazee, na humo akamkuta Mzee Axel Hedlund, baharia wa zamani aliyeishi Australia miaka hamsini. Kiharusi kilikuwa kimemfutia Kiswidi chote, kikamwachia Kiingereza tu. Wauguzi wengine wakachoka naye, wakamsukumia Agripina, aliyejua Kiingereza.

Mzee alimwomba amwandikie habari za Birrandale, mji wake wa huko shamba, uliokuwa karibu kutimiza miaka mia. Basi kila siku saa tisa alasiri, jua la Novemba la huko likizama mapema, Agripina alifungua daftari. Akaandika kilima cha mawe mekundu, na mto unaotiririka miezi mitatu tu kwa mwaka. Dhahabu ilipatikana, ikaisha. Reli ikaja, ngano ikafuata, kisha ukame. Vijana wakahama, maduka yakafungwa moja moja.

"Na kabla ya dhahabu, mzee, nani walikaa pale?"

Mzee akageukia ukutani. Siku ya tatu akamwita mwenyewe.

"Andika. Chini ya kilima palikuwa na chemchemi. Wenyeji weusi walikunywa hapo tangu enzi za mababu zao. Tajiri wangu, mwenye shamba, akaniamuru niizungushie waya, nami nikaizungushia. Kiangazi kile akaja mama na mtoto mgongoni, akaomba maji kwa ishara."

"Ukampa?"

"Nilimwonyesha njia aliyojia. Nilikuwa kibarua tu, nesi."

"Wakaenda wapi?"

"Hawakufika mbali. Niliwazika mimi mwenyewe, wote wawili."

Kalamu ilimwia nzito Agripina, lakini alimaliza mstari. Kisha akamwosha mzee uso, kwa kuwa ndiyo kazi yake, bila kumtazama machoni.

Mzee alifariki Januari. Bintiye akaja kutoka Australia, akalisoma daftari amesimama ukumbini. Alipofika ukurasa ule, akauchana.

"Baba alikuwa amechanganyikiwa," alisema.

"Hapana, mama. Alinisihi niyaandike hayo."

"Wewe uliajiriwa kumwogesha."

Jioni hiyo, bwenini, Agripina aliuandika ukurasa upya, neno kwa neno kama alivyoukumbuka, akautuma kwa maktaba ya Birrandale. Akangoja. Theluji ikayeyuka, ikaanguka tena, na jibu hakuna.

Mwaka 1975 kikaja kijitabu cha sherehe za miaka mia za Birrandale, chenye picha, bila barua. Akatafuta habari za maji. Ziliandikwa kwa mstari mmoja: chemchemi ya mji iligunduliwa na Axel Hedlund, baharia shujaa kutoka Uswidi.

Agripina akaketi kitandani, koti bado mwilini, akamlilia yule mama wa chemchemini. Alitaka walau kumwombea kwa jina, lakini jina lake mzee hakuwahi kulijua, wala hakuuliza.