Pumzi Kabla ya Gitaa

...na sasa tena, kutoka ubeti wa pili, anasema fundi wa sauti kwenye hedifoni, kwa sauti ya mtu aliyekwisha choka ila hataki kukosa adabu, dada Radi, ukifika pale pa gitaa usinyamaze, wewe pitiliza tu, gitaa tutalipachika baadaye, na Radi anatikisa kichwa nyuma ya kioo, sawa, nimekuelewa, ingawa hakuelewa kitu, maana macho yake yako mlangoni, mlango ule mzito uliovishwa sponji kule upande wa fundi, ambao ukifunguliwa huingia kwanza mwanga wa korido halafu ndiyo mtu, na tangu asubuhi umeingiza mleta chai na mpiga gitaa wa kukodi, huyo aliyekaa kwenye kochi anatafuna karanga huku gitaa limemlalia mapajani kama mtoto wa watu, lakini kaka yake hajaja, kaka alisema kwenye simu, nitaona... nitaona, neno gani hilo, ni ndiyo ya mtu mwoga au ni hapana ya mtu mwenye haya, na ngoma hizo zinaanza, zile zilizorekodiwa jana, zinamgonga kifuani, anafungua kinywa na kuunguruma, ndivyo nyimbo zake zinavyoimbwa, anautoa mngurumo chini ya kitovu kama alivyofundishwa, toa tumboni, mdogo wangu, ukitoa kooni utalichana, utakosa hata sauti ya kuombea maji, ndivyo alivyokuwa akimwambia kaka enzi za stoo, stoo ya mama waliyoibandika trei za mayai ukuta mzima ili majirani wasisikie, trei tupu walizoziomba duka hadi duka, na majirani wakasikia vilevile, wakamuuliza mama, huyo binti yako ana nini, mama akajibu bila kupepesa macho, ana mafua... ha, mafua, mafua yasiyopona, hadi siku bendi yao ilipopanda jukwaani mama akaja amevaa nguo yake ya harusini na pamba masikioni, akapiga makofi katikati ya wimbo, peke yake, akamwambia jirani wa kiti, wale wawili wanaopiga kelele ni wangu... na pale pamefika, Radi anavuta pumzi, ile kubwa, mabega yanapanda, halafu kimya, ngoma zinatwanga peke yake kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na mwenyewe.

Umenyamaza tena, dada, anasema fundi, na hiyo pumzi yako inasikika mpaka uani, lakini usijali, hiyo nitaifuta. Samahani, anasema Radi, nilipotea. Unapotea palepale kila mara, anasema fundi, ungekuwa unapotea mahali tofauti ningeelewa, na mpiga gitaa anacheka kwenye kochi, na kweli, palepale, kwa sababu kaka hakuwa mtu wa kuhesabu, kila mpiga gitaa huhesabu moyoni, yeye alisimama nyuma ya dada yake akitazama mabega, mabega yakipanda anajua zamu yake imefika, anaingia, na hawakuwahi kugongana hata siku moja, basi nyimbo hizi zote Radi amezitunga mwenyewe, mezani, jikoni, albamu yenye jina lake tupu kwenye jalada, na kila wimbo ameuachia tundu, bila kujua, wimbo baada ya wimbo, kama mama anayeendelea kumpakulia mtu aliyekwisha hama, na kaka mwenyewe sasa anauza vigae, shati limepigwa pasi, ana mtoto anayelala mchana, makelele basi, mdogo wangu, alisema, halafu aliposikia habari ya albamu akasema kidole kimoja hakivunji chawa, naye Radi akamjibu, basi nipe chako, kwa utani tu, akamshika mkono pale dukani juu ya sampuli za vigae, na kaka akaunyakua mkono wake haraka kama aliyeguswa na pasi... kwa nini aliunyakua, Radi alidhani amekasirika, wiki zote hizi alidhani ni hasira, lakini ngoja, vile vidole, alivigusa, vilikuwa laini, ncha zake laini kabisa, zile sugu za nyuzi alizokuwa akimkwaruza nazo shavuni walipokuwa wadogo, zile zilizokuwa ngumu kama kwato, hazipo, zimekwenda, mtu hapotezi sugu kwa mwezi mmoja, ina maana ameacha zamani, ameacha hata kule chumbani kwake ambako hakuna anayemsikia, naye hakumwambia mtu, na akija hapa leo vidole vitatoka damu mbele ya mgeni anayekula karanga... lo, kaka, kumbe hukununa, kumbe ni haya, na mimi nimekuwekea tundu kwenye kila wimbo kama mtego.

Dada, tumwite jamaa aingie apige pale? anasema fundi. Mimi nipo, mkuu, anasema mpiga gitaa, hata karanga zimekwisha. Hapana, anasema Radi, wimbo huu niachie, pale nitaimba mwenyewe. Utaimba nini, pale hapana maneno. Utasikia. Na pumzi nifute? Iache, anasema, pumzi usiiguse, na anashika stendi ya maiki, anaiburuta, anaigeuza taratibu hadi kioo na fundi na mlango vyote vimebaki nyuma yake. Sasa sikuoni uso, dada, analalamika fundi. Huhitaji uso, anasema, tazama mabega, na fundi anaguna, haya, kutoka ubeti wa pili, taa nyekundu inawaka kama ilivyowaka mwanzo, ngoma zinaanza, mngurumo unatoka chini ya kitovu, mzito, hauna haraka, na mlango huko nyuma labda umefungwa na labda umefunguka, hajui, hageuki, akija atasimama palepale alipokuwa akisimama siku zote, na asipokuja aendelee kuuza vigae vyake kwa amani, pale panakaribia, panakaribia, na mabega yanapanda.