Taa Nyekundu ya Kobe

Wiki ile Kobe aligoma karibu kila asubuhi. Kobe hakuwa mnyama. Alikuwa gari dogo la abiria, kuukuu, la rangi ya kijivu, lenye mlango wa pembeni usiofunguka mpaka ubembelezwe. Swichi yake ya kuwashia ilikuwa imechakaa hata ikaacha kuchagua ufunguo; chochote chembamba kingeizungusha. Watoto wa shule ndio waliompa jina hilo, na mke wa kinyozi, aliyekuwa dereva wao, hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kuwapitia majumbani na kuwafikisha darasani kabla ya kengele.

Sasa kengele ilikuwa inamtangulia. Mwalimu mkuu alimwita pembeni, akamwambia kwa upole unaouma: "Dada, nakuheshimu sana. Lakini ukichelewa tena, wazazi wameshapata dereva mwingine. Hapo hata mimi sitaweza kukutetea."

Kinyozi alikuwa na utaalamu mmoja tu wa magari: kupiga gurudumu teke. Alilipiga, akasikiliza, akatoa hukumu.

"Betri imekufa."

"Betri ni mpya, baba watoto."

"Basi imekufa ikiwa changa. Masikini!"

Mama yake kinyozi, aliyekuwa barazani akikoroga chai kwa uma kwa sababu kijiko kilikuwa kimepotea, alitikisa kichwa. "Mimi naliombea gari hili kila siku iendayo kwa Mungu. Msilikatie tamaa."

Mkamwana wake alikuwa anasoma umeme wa magari katika darasa la jioni, akiketi mbele kabisa, na neno moja la mwalimu lilikuwa limemganda kichwani: "Betri ni mtungi, jenereta ni mchotaji. Ukikuta mtungi mtupu, usianze kuulaumu mtungi. Uliza kwanza, mchotaji anachota? Kisha uliza, mtungi una ufa?"

Jioni ile alifungua boneti. Aliukaza mkanda unaozungusha jenereta, akasugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa, kisha akaweka mita ya kupimia umeme. Injini ikiwa imezimwa, volti zilikuwa kumi na mbili na nusu. Alipoiwasha zikapanda hadi kumi na nne. Akawasha taa kubwa, akawasha na feni, volti zikasimama pale pale. Hata ile taa ndogo nyekundu ya betri iliwaka alipofungua swichi, ikazimika injini iliponguruma, kama inavyotakiwa. Basi mchotaji alikuwa anachota.

Akatafuta ufa. Alizima kila kitu, akafunga milango, akaipachika mita kati ya betri na waya wake. Mita ikaonyesha karibu na sifuri. Hakukuwa na ufa.

"Mtungi ni mzima na mchotaji anachota, lakini asubuhi maji hayapo," alimwambia mumewe. "Basi kuna mtu anakunywa."

"Mwizi wa umeme?" Kinyozi alicheka. "Aache simu yangu dirishani, aje kunyonya betri ya Kobe? Huyo si mwizi, huyo ni mgonjwa."

Kabla hakujapambazuka, mke wa kinyozi alichukua blanketi akajilaza kiti cha nyuma kabisa cha Kobe. Hakungoja sana. Mlango wa dereva ulilia, gari likainama kidogo upande mmoja, na harufu ya mafuta ya karafuu ikajaa ndani. Alisikia chuma kikigusa chuma. Taa nyekundu ikawaka mbele. Kisha feni ikanguruma kwa nguvu zake zote.

"Baba wa mbinguni," ilisema sauti ya mama mkwe, "nimekuja tena, mimi yule yule. Nakushukuru kwa pumzi. Sasa, huyu mwanangu. Mpe akili, Baba, anapiga magurudumu mateke kama punda. Na huyu mke wake. Chumvi, Baba! Uushike mkono wake wakati wa chumvi. Na masomo yake ya jioni. Mbele yake nanuna, lakini wewe unajua ninavyojidai kwa majirani. Usimwache apoteze kazi yake. Na gari hili, liwake leo. Liwake tu."

Akawaombea na majirani wote, nyumba kwa nyumba, mpaka feni ikaanza kuishiwa sauti. Taa nyekundu ikafifia. Chini ya blanketi, mkamwana hakujua acheke au alie. Shetani alimnong'oneza aikaze sauti, aseme kutoka gizani: "Mama, zima feni." Akaling'ata blanketi. Jina la Mungu si la kuchezea. Lakini mama mkwe aliposema "Amina," mdomo uliozoea tangu utotoni haukungoja ruhusa.

"Amina," ukaitikia.

Kitu kikachomoka kwenye swichi, kikaanguka kwa mlio mwembamba. Kilikuwa kijiko cha chai.

"Nani?" sauti iliuliza, imekuwa ndogo ghafla.

"Ni mimi, mama. Yule wa chumvi."

"Wewe! Unavizia sala yangu?"

"Namvizia mwizi, mama."

"Umempata?"

"Naona ameketi kiti cha dereva."

Mkamwana akamweleza. Feni ndiyo iliyokuwa inamaliza betri, maana injini imelala na hakuna anayechota.

"Naiwasha ili msinisikie humo ndani," mama mkwe alisema. "Na hako kataa kekundu nilidhani kananisindikiza. Kumbe naliombea gari huku nalinyonya!" Alijishika mbavu kwa kicheko, kisha akashtuka. "Na watoto?"

Mkamwana alijaribu kuwasha. *Tik. Tik.* Nje kulikuwa kunapambazuka.

"Nimeomba vya kutosha," mama mkwe alisema, akajifunga mtandio kiunoni. "Sasa tusukume."

Kinyozi aliamshwa akatoka na kaptura. Walimsukuma Kobe kwenye mteremko wa kwenda barabarani, mkamwana akaingiza gia ya pili, akaachia klachi. Kobe akakohoa, akatetemeka, akanguruma. Taa nyekundu ikazimika. Mama mkwe alirukia kiti cha mbele na kandambili moja.

"Kuanzia leo nasali humu ukiendesha," alisema akihema. "Mchotaji achote, nami nimwage."

Mtoto wa mwisho alivuka lango la shule kengele ikianza kulia. Mwalimu mkuu alitazama saa yake, akatazama ule mguu mtupu.

"Na huyu ni nani?"

"Msaidizi wangu."

Jioni, mezani, kinyozi aliuliza ugonjwa wa Kobe ulikuwa nini.

"Kulikuwa na kitu kinanyonya betri," mkewe alisema.

"Si nilisema! Umekiondoa?"

Mama yake alikuwa anakoroga chai, taratibu, kwa kijiko kilichorudi. "Kimetubu," alisema.

Kinyozi alionja mchuzi, akakunja uso. "Mbona leo hauna chumvi kabisa?"

"Kula, mwanangu," mama alisema bila kumtazama mkamwana wake. "Kuna maombi yanayojibiwa haraka."