Koplo Kesho na Tela la Jeshi

Jumamosi hiyo mke wa fundi alimtuma mumewe mnadani akanunue tangi la maji. Alimwandikia kabisa kwenye karatasi, maana alimjua mumewe: tangi la plastiki, lita elfu moja, lisiwe na ufa, mfuniko uwepo. Fundi, mtu wa kuchomelea vyuma mwenye karakana ya mabati nyuma ya nyumba, aliikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa shati, akawasha pikapu yake na kuondoka na nia njema kabisa.

Mnada ulikuwa wa shamba zima, maana mwenye shamba alikuwa amezeeka na anahamia kwa binti yake, ambako hakuna nafasi hata ya kuegesha koleo. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinauzwa. Mnadishaji alisimama juu ya kreti la soda, shingo imemvimba kwa kupiga kelele, akauza majembe, akauza pampu, akauza ngazi isiyo na vidato viwili. Fundi alijibanza nyuma ya watu akisubiri zamu ya matangi. Ndipo likaburutwa tela la jeshi. Lilikuwa na magurudumu mawili yaliyoisha upepo, turubai lililooza, na samadi ya kuku hadi magotini. Ubavuni, chini ya kutu, namba nyeupe za kambi zilikuwa bado zinasomeka.

Sasa, mtu aliyetumikia karakana ya jeshi miaka kumi na tisa akiona namba zile, mkono hauombi ruhusa. Ulipanda wenyewe mpaka kwenye paji la uso. Fundi akapiga saluti. Mnadishaji akaona mkono umeinuka, akaunyooshea nyundo yake, akahesabu moja, mbili, tatu. Hakuna aliyeshindana naye. Nani agombee banda la kuku?

Mwenye shamba alimweleza habari za tela hilo huku akimsaidia kulifunga nyuma ya pikapu. Askari walikuwa mazoezini miaka ishirini na miwili iliyopita, likazama kwenye tope, wakasema watalifuata kesho yake. Yeye aliwangoja mwezi mzima, kisha kuku wakaingia. Kuku hao ni kumi na wawili na hufuatana na tela, mtu asijisumbue kuwatenganisha, kwa sababu yeye alijaribu mara tatu na mara zote walirudi kwa mstari. Na kweli, pikapu ilipoondoka, kuku walijipanga wawili wawili nyuma ya tela wakatembea kwa hatua moja hadi mjini. Kwenye njia panda walisimama, wakaangalia kulia na kushoto, wakavuka.

Mkewe aliwatazama kuku, akalitazama tela, akamtazama mumewe.

"Tangi liko wapi?" aliuliza.

Hakuuliza lingine. Mama huyo alikuwa anakodisha viti vya plastiki kwa shughuli za watu, na akili yake haikai bure. Alilizunguka tela, akalipima kwa hatua zake, akasema likipona litabeba viti mia mbili, na kwamba ana shughuli ya kupeleka viti baada ya wiki tatu. Basi fundi akajua msamaha wake una tarehe.

Chumba cha uani kilikuwa cha Mzee, baba yake fundi, na hapo ndipo penye kisa chenyewe. Fundi alipokuwa jeshini, kapteni wake alimwita siku moja akamwambia, nimekuandikia, tepe mbili, barua inakwenda makao makuu leo hii. Fundi akamwambia baba yake. Mzee akautangazia mtaa mzima, na wa jirani, kwamba nyumba yake itatoa koplo. Barua haikufika. Kapteni akahamishwa, fundi akamaliza utumishi wake mkono mtupu bila hata tepe moja, na tangu hapo, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, alikuwa anakwenda kwenye ofisi ya kumbukumbu za jeshi kuuliza, na karani anamwambia aje kesho. Watu wa mtaani wakamwita Koplo Kesho. Aliitika. Ilimkera miaka mitatu ya kwanza, kisha akazoea, jina ni jina.

Mzee hakuzoea. Alikula kiapo kwamba hafi mpaka azishike tepe hizo kwa vidole vyake, maana macho yalishazimika. Miaka miwili iliyopita daktari alimsikiliza kifua, akasikiliza tena, akamwambia kwa heshima kwamba moyo wake umesimama, na si leo wala jana. Mzee akajibu kwamba hilo analijua, ila ana miadi. Daktari akaandika kwenye faili, "Anasubiri," akamwita mgonjwa mwingine.

Kazi ya tela ilianza Jumatatu. Fundi alikomba samadi, akaisugua bodi yote kwa brashi ya waya na msasa, akakata mabati yaliyooza, akachomelea mapya. Beringi za magurudumu zilikuwa zimeganda. Alipiga jeki, akagonga, akamwaga dizeli, ng'o. Siku ya tatu, amechoka na amekasirika, akapaza sauti ya gwaride bila kufikiri: "Mguu sawa!" Magurudumu mawili yakajinyoosha kwa mlio mmoja, na mkono wa kuvutia ukainuka juu. Beringi zikatoka zenyewe. Fundi akazipaka grisi, akasema mguu pande, tela likashuka likapumzika. Tangu siku hiyo kazi ilikwenda haraka, na alijilaumu kwa kupoteza siku mbili wakati jambo lenyewe lilikuwa wazi.

Kilichobaki kilikuwa sanduku la zana chini ya mkono wa kuvutia. Juu yake kulikuwa na kuku wa lindo. Kila baada ya saa sita kuku mwingine alikuja, wakatazamana, wakabadilishana nafasi, na aliyetoka zamu akaenda kutaga. Fundi akinyoosha mkono tu, anadonolewa. Alijaribu mahindi, alijaribu ufagio. Mkewe, aliyekuwa anasuka ukili mlangoni, akamuuliza kama ameshajitambulisha. Fundi akaona aibu kidogo. Alisimama wima akataja jina na namba yake ya utumishi. Kuku akamkagua kwa jicho moja, kisha kwa la pili, akasogea pembeni.

Ndani ya sanduku kulikuwa na spana namba kumi na tisa, kopo la grisi na bahasha ya kaki yenye muhuri wa kapteni. Haikuwa na tone la maji wala doa la samadi. Tela lile ndilo lililobeba barua za makao makuu siku ile.

Fundi alikaa juu ya tairi akaisoma mara nne. Ilisema askari huyu ni hodari, hachelewi, hajawahi kuazima spana asiirudishe, na apandishwe cheo kuwa koplo mara moja. Alikwenda uani akamsomea Mzee. Mzee akaomba asomewe tena pale penye "mara moja", akacheka mpaka akakohoa.

"Nenda," alimwambia. "Mimi nakusubiri. Nimeshakuwa mtaalamu."

Alikwenda na tela lenyewe, limepakwa kijani kipya, na kuku wa zamu juu ya sanduku, ili karani asije akasema ushahidi hautoshi. Karani alikuwa mtu mpole mwenye kikombe cha chai kisichopoa. Aliisoma barua, akaugusa muhuri, akakubali kwamba ni halali kabisa. Tatizo, alisema, ni kwamba mapendekezo ya cheo hupokelewa ndani ya siku tisini. Alionyesha kifungu kwa kidole. Fundi akasema kosa si lake. Karani akasema hakuna aliyesema ni lake, na angekuwa na kosa ingekuwa rahisi, kwa kuwa makosa yana fomu.

Kisha akachungulia dirishani.

"Barua ilikuwa kwa nani muda wote huo?"

"Kwa tela."

"Liliiacha hata siku moja?"

"Hapana."

"Sanduku lilifunguliwa bila idhini?"

"Kuku hawakukubali."

Karani akafungua kitabu kingine, kinene zaidi. Alieleza kwamba yeyote anayekabidhiwa nyaraka za jeshi akazilinda peke yake zaidi ya miaka ishirini, bila chakula cha jeshi, anastahili tepe mbili papo hapo, na kifungu hicho hakina ukomo wa siku. Aliandika, akagonga muhuri, akatoka nje mwenyewe na kuibandika hati ubavuni mwa tela. Akapiga saluti. Fundi, kwa mazoea, akapiga pia. Kuhusu suala lake yeye, karani alisema bado linashughulikiwa. Aje kesho.

Asubuhi iliyofuata tepe mbili nyeupe zilikuwa zimetokeza ubavuni mwa tela. Zilitoka ndani ya chuma kabisa, zimevimba kama mshono mzuri wa kuchomelea. Fundi akazipaka rangi ya kijani mara tatu. Rangi ilikauka, tepe zikatokeza. Mara ya nne kuku wote kumi na wawili walikuja wakasimama mbele ya kopo la rangi, naye akaliziba.

Mzee akaomba apelekwe. Fundi alimshika mkono, akamtembeza polepole kutoka uani hadi karakana, akitafuta njiani namna ya kusema, asiione. Mzee akanyoosha vidole. Alipapasa chuma, akafika kwenye tepe ya kwanza, akaifuata mpaka mwisho, akaishika ya pili. Kisha akanyoosha mgongo, miaka yake tisini yote, akapiga saluti.

"Nilisema nyumba hii itatoa koplo," alisema. "Sikusema nani."

Ilimuuma fundi, tusidanganyane. Alikwenda kwenye ndoo akanawa mikono isiyo na uchafu, akanawa tena. Mkewe akamwendea Mzee, akamwambia kwa upole kwamba sasa, kama amechoka, anaweza kupumzika, miadi imetimia. Mzee alilifikiria jambo hilo kwa makini.

"Kwa mwendo huu mwakani huyu ni sajini," alisema. "Hebu ngoja kwanza."

Akaagiza kiti chake kihamishiwe karakana. Tangu siku hiyo anakaa kutwa kando ya tela, anamuuliza Koplo ameamkaje, kama grisi imetosha, kama viti vya jana havikumlemea. Mama naye biashara ilimwendea vizuri, watu wanapenda viti vinavyoletwa na mwenye cheo. Kitu kimoja tu hakupenda, kwamba kwa utaratibu wa jeshi Koplo habebi mzigo mpaka aombwe na askari, tena kwa sauti ya kueleweka, na askari pekee nyumbani ni mumewe.

Siku moja fundi alipokuwa akimpaka Koplo grisi, alishindwa kujizuia.

"Na mimi je, baba?"

Mzee alimtafuta kwa mkono, akampata bega, akalipapasa pale ambapo pangekaa tepe. Hakukuwa na kitu ila shati. Akaliacha bega taratibu.

"Wewe ni kesho, mwanangu," alisema. "Sasa simama vizuri, Koplo anakuangalia."

Fundi akaunganisha visigino.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata alimfunga Koplo nyuma ya pikapu, wakaenda pamoja kwenye ofisi ya kumbukumbu. Mlinzi alimfungulia Koplo geti la wanajeshi, akamwekea jiwe nyuma ya gurudumu, akawapa kuku maji. Fundi alizunguka kwa mlango wa raia, akachukua namba, akakaa kwenye benchi.